Nilivyopimwa Dawa za Nguvu Baada ya Kushika Mkia

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya misuli yangu yote miwili, natangaza rasmi kwamba nimestaafu riadha.

Taaluma yangu ilidumu mizunguko miwili ya uwanja. Mzunguko wa pili watazamaji wengi hawakuushuhudia, kwa kuwa walishakwenda kutafuta chakula.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita: nilirudishwa nyumbani kabla wenzangu hawajafunga shule, kwa sababu ya mambo yaliyohusu kengele ya shule na sufuria la uji. Kengele ilipatikana. Uji ulimwagwa. Mkuu wa shule akasema anaomba kupumzika na sura yangu hadi muhula ujao, nami nikapelekwa kwa Mama Mdogo, ambako dada yangu anaishi na kufanya mazoezi ya mbio.

Mama Mdogo anafuga kuku. Chumba ambacho watu wengine wangeweka wageni, yeye ameweka vifaranga. Wamelala juu ya maranda, chini ya taa ya joto, na akiingia huwasalimia kabla yangu. Mimi nililazwa sebuleni kwenye kochi lenye springi moja iliyokuwa na chuki binafsi.

Sasa, ili uelewe dhambi yangu, lazima kwanza uelewe kabati.

Shuleni naitwa Njiti. Ukiniona kwa mbele utadhani ni njiti ya kiberiti. Ukiniona kwa upande hutaniona. Na bwenini kwetu yuko jamaa anaitwa Tingatinga. Kila Jumamosi baada ya usafi, Tingatinga hunibeba kwa mkono mmoja na kuniweka juu ya kabati, kama mtu anayeweka sanduku asilolihitaji mpaka likizo. Kisha yeye huyoo, anakwenda kucheza mpira.

Nimesoma vitabu vingi vizuri nikiwa huko juu. Lakini kijana mwenye ndoto zake hawezi kuishi hivyo.

Ndipo kopo lilipoingia nyumbani.

Dada alilitua mezani taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Lilikuwa kopo kubwa jeusi, lina picha ya faru ananyanyua vyuma.

"Nini hiyo?" Mama Mdogo akauliza.

"Peptidi, Mama Mdogo. Kanipa mwalimu wa jimu."

"Yule asiye na shingo?"

"Shingo anayo. Imezidiwa na mabega tu. Anasema unakoroga kijiko baada ya mazoezi, misuli inapona upesi. Kesho unaamka mpya."

"Na hizo peptidi ni kitu gani?"

Nikajikohoza. Nilikuwa nimesubiri maisha yangu yote mtu aniulize kitu nilichofundishwa.

"Mama Mdogo," nikasema, "protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Ukiukata ule uzi vipande vifupi vifupi, kila kipande ndicho peptidi. Mwili unapunguziwa kazi ya kukata."

Mama Mdogo akafikiri.

"Yaani ni nyama iliyokwisha kutafunwa na mtu mwingine."

"Kisayansi, ndiyo."

"Na mayai yangu yamekosa nini?"

Akaligeuza kopo juu chini, akamtazama yule faru, akamtazama Dada.

"Kocha anajua?"

Dada akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

"Kocha anaamini maji na usingizi tu. Nitamwambia nikishashinda."

Hapo nisifanye mzaha kidogo. Mwaka jana, kwenye mchujo wa mita mia nane, Dada alikuwa anaongoza. Mstari wa mwisho ulikuwa pale, unauona, karibu uuguse. Paja likamkamata. Akaanguka, akamaliza kwa kutambaa, na msichana aliyemruka akaenda kambi ya timu ya taifa ya vijana badala yake. Dada hakulia. Alirudi nyumbani, akaweka viatu vyake vya mbio kando ya mto wa kulalia, na tangu siku hiyo vinalala hapo.

Mchujo wa mwaka huu ulikuwa unakaribia. Mshindi mmoja tu ndiye anayechukuliwa kambini.

Kwa hiyo kopo lile kwake halikuwa kopo. Lilikuwa paja lisilokamata.

Ndugu mwenye moyo mzuri angelitazama na kumwombea heri. Mimi nililitazama nikaliona kabati.

Nikajiambia: Dada nguvu anazo. Mhitaji hapa ni nani?

Alasiri ile Dada akiwa mazoezini, nikachemsha birika. Kopo lilikuwa na karatasi ya kuziba chini ya kifuniko. Karatasi ya namna hiyo huibandui kwa kucha, unaibandua kwa mvuke, pole pole, kuanzia pembeni. Elimu ya bweni hiyo. Wengine walitoka na cheti, mimi nilitoka na mvuke.

Peptidi zote nikazihamishia kwenye kopo tupu la kakao, nikalificha nyuma ya kochi.

Likabaki kopo la faru, jeusi, tupu, linanitazama.

Nilihitaji kitu cha rangi ileile, laini, chenye harufu ya lishe. Nikaingia stoo. Kulikuwa na mifuko miwili ya chakula cha vifaranga imeegemeana ukutani kama walevi wawili wanaosindikizana. Nikachukua chekeche la unga. Nikachota, nikachekecha, nikasaga chenga kwa chupa, nikachekecha tena. Nilifanya kazi safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa na mwalimu. Nikajaza, nikaibandika karatasi kwa uji mzito, nikafunika.

Jioni Dada akarudi kutoka mazoezini, akafungua, akakoroga kijiko kwenye maziwa, akanywa.

Mimi nikajishughulisha na kochi.

"Mmh," akasema. "Ina ladha ya mahindi."

"Ni za kiwango cha juu," nikasema. "Za bei rahisi ndizo zina ladha ya vanila."

Akaniangalia.

"Umejuaje?"

"Baiolojia, Dada."

Akanywa mpaka tone la mwisho, akalamba kijiko. Ndani, vifaranga wakalia kwa pamoja. Naapa ilikuwa kama wanadai chao.

Mpango ulikuwa huo tu: mimi nipate misuli, Dada apate mahindi, kila mtu abaki na furaha yake. Lakini mipango yangu ina tabia ya kuzaa.

Tatizo la kwanza: Dada alipenda sana. Kijiko kikawa viwili, viwili vikawa kikombe. Nikaanza kuona mwisho wa kopo. Na kopo likiisha atakwenda wapi? Kwa asiye na shingo. Ataletewa kopo jingine, la kweli, ataonja na kusema, mbona hili halina mahindi?

Kwa hiyo kila alipokwenda mazoezini, mimi nilikwenda stoo.

"Kopo hili lina baraka," Dada akamwambia Mama Mdogo siku moja. "Nakunywa, nakunywa, haliishi."

"Afadhali lako," Mama Mdogo akasema. "Chakula cha vifaranga kinaisha kama kinaliwa na ng'ombe. Nina panya humu ndani. Tena panya mkubwa."

"Pole, Mama Mdogo," nikasema.

"Atakoma. Leo naweka mtego."

Sikumtilia maanani. Kesho yake nilikuwa na plasta kwenye kidole cha shahada, nikaeleza mezani kwamba nimebanwa na mlango.

"Mlango gani?" Mama Mdogo akauliza.

"Ule."

Milango yote ya ndani ya nyumba ile ilikuwa mapazia tu. Akakitazama kidole, akaendelea kumenya viazi.

Tatizo la pili: misuli yangu. Nilikunywa peptidi za faru kwa siri, bila maziwa, kwa maji ya bomba, na ladha yake ilikuwa ya chokaa iliyokasirika. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikakunja mkono, nikasubiri. Siku moja nikaona kitu. Uvimbe kabisa. Nikatoka mbio nikiwa kifua wazi.

"Mama Mdogo, angalia!"

Akaangalia. Akavaa miwani, akaangalia tena. Akaubonyeza kwa kidole.

"Umeumwa na nyuki?"

Tatizo la tatu ndilo lililonimaliza. Dada alianza kuruka.

Kocha wao ni mzee mfupi mwenye kofia isiyovuliwa, na saa yake ya kupimia mbio huilaza kifuani kama mtoto mchanga. Siku moja akaitazama ile saa, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Imeharibika hii," akasema. "Binti, rudia."

Dada akarudia. Saa ikasema yaleyale.

"Umekula nini wewe?"

"Maji na usingizi, Kocha," Dada akajibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona dada yangu akiona haya.

Na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye ngazi za uwanja na plasta yangu, nikaona haya pia. Lakini haya yangu ilipita haraka. Nilikuwa na miadi na kioo.

Siku ya mchujo ikafika. Uwanja umepakwa chokaa mpya, vilabu vya riadha vimejaa, vipaza sauti vinakoroma. Mama Mdogo alibaki nyumbani na vifaranga, akanituma na ndizi na maneno: "Mwambie asimtazame wa nyuma."

Dada hakumtazama wa nyuma. Hakukuwa na wa nyuma wa kumtazama, walikuwa mbali. Alipofika pale paja lilipomkamata mwaka jana, nikamwona anafumba macho hatua moja tu, kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Paja likanyamaza. Akapita. Akakata mstari, akasimama mikono kiunoni, akatazama nyuma kuona wenzake wako wapi.

Kisha ndipo akalia. Yale machozi ya mwaka jana, yalikuwa yamehifadhiwa vizuri.

Akavishwa medali. Kocha akavua kofia. Jamani, kumbe ana kipara.

Natamani hadithi ingeishia hapa. Lakini mbio za wavulana zikaitwa, na klabu yetu ikagundua mkimbiaji mmoja amelala kwao ana matubwitubwi. Kwa sheria za pale, klabu isiyo na timu kamili matokeo yake yote hayahesabiwi. Yote. Hata ya wasichana.

Kocha akageuka huku na huku. Macho yake yakatua kwangu.

"Wewe mdogo wake. Unajua kukimbia?"

"Kwa kukimbizwa, Kocha."

"Inatosha. Vaa hii."

Akanivika fulana yenye namba kifuani. Ilinifika magotini. Dada akanishika mabega.

"Njiti, maliza tu. Hata ukitambaa. Mimi nilitambaa."

Hapo damu ikanipanda. Nikasema moyoni: leo faru ataonekana.

Kipenga kikalia. Faru hakuonekana. Kwa hatua chache nilikuwa na wenzangu, kisha nikawa nyuma ya wenzangu, kisha nikabaki na kumbukumbu za wenzangu tu. Mzunguko wa pili niliukimbia peke yangu katika hali ya kutafakari. Nilipokaribia mwisho, fundi wa viwanja alikuwa ameshaanza kumwaga chokaa ya mchezo mwingine.

"Toka kwenye mstari wangu!" akafoka.

"Bado nashindana, mzee!"

"Na nani?"

Nikamaliza. Nikashika mkia. Lakini timu ilikuwa kamili, na medali ya Dada ikabaki halali. Nikalala kwenye majani nikisubiri sifa.

Badala ya sifa akaja mwanamke mwenye koti jeupe, miwani imening'inia kwenye mnyororo, mkononi ameshika kofia.

"Mimi ni daktari wa kupima dawa za kuongeza nguvu," akasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Kila mshindi anapimwa. Na katika kila mbio, mmoja mwingine anapimwa kwa kura."

Akaingiza mkono kwenye kofia, akatoa kikaratasi, akakisoma, akaangalia kifua changu.

Kocha alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu? Daktari, huyu? Mkimpima huyu mtakuta usingizi tu!"

"Kura ni kura," Daktari akasema.

Wote wakacheka. Yule fundi wa chokaa akacheka. Mimi pia nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa na nyufa. Nilikumbuka kopo la kakao nyuma ya kochi.

Tukaingizwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Benchi la mbao, bomba linalodondosha maji, vikombe vya plastiki vyenye mifuniko. Dada, Kocha, mimi na Daktari. Mlango ukafungwa.

"Kabla ya kikombe, swali," Daktari akamwambia Dada. "Katika majuma haya umetumia dawa yoyote, unga wowote, kirutubisho chochote?"

Kocha akajibu kwa niaba yake.

"Maji na usingizi."

"Nimemuuliza yeye, mzee wangu."

Dada akamtazama Kocha. Kisha akafungua begi, akatoa kopo la faru, akaliweka benchini.

"Peptidi," akasema. "Baada ya kila mazoezi."

Kocha akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Nani kakupa?"

"Mwalimu wa jimu. Nilitaka kukuambia, Kocha. Nilisema nikishashinda."

"Nimewaambia mara ngapi! Hakuna kitu kinaingia kinywani sijakiona mimi! Mara ngapi!"

Daktari akainua mkono.

"Binti, sikiliza. Peptidi ni jina la ukoo. Ukoo huo una watu wema, hata kwenye nyama na maziwa unayokula wamo. Na una wezi. Kuna peptidi ukikutwa nayo mwilini unafungiwa, hata kama hukujua, hata kama ulipewa na mama yako mzazi. Sasa kopo hili lina faru. Halisemi ndani kuna nani."

"Nikifungiwa..." Dada akaanza.

"Medali inarudi. Kambini huendi. Na mwakani hukimbii."

Dada hakujitetea. Alishika medali yake kwa vidole viwili, kama kitu cha mtu mwingine alichokiokota.

"Nilikunywa," akasema. "Siwezi kusema sikunywa."

Hapa msomaji anatazamia kwamba mimi, ndugu yake wa damu, nilisimama na kusema ukweli. Msomaji anipe muda. Nilikuwa napiga hesabu. Dada hajaonja hata chembe ya faru. Kikombe chake kitatoka safi. Changu mimi, mtu wa mwisho, ndicho kitakachowaka moto. Nikinyamaza, yeye anapona na mimi nafungiwa kukimbia, adhabu ambayo ningeipokea kwa mikono miwili. Kwa hiyo nikaamua kunyamaza kishujaa.

Ushujaa ukadumu mpaka Daktari alipofungua kopo.

Akatandaza karatasi nyeupe. Akamwaga kidogo. Akasambaza kwa ncha ya kalamu. Akanusa. Akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, kisha akachukua kitu kwa kucha mbili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa chepesi, cha manjano, kinapepea.

"Hiki," Daktari akasema, "ni kinyoya."

Kocha akasogea. "Cha faru?"

"Faru hana manyoya, mzee wangu. Hiki ni cha kifaranga."

Dada alikitazama kile kinyoya. Anavifahamu. Kila Jumapili yeye ndiye anayebadilisha maranda, na jioni tunamtoa vinyoya kama hivyo kwenye nywele. Akageuka polepole. Akaangalia plasta kwenye kidole changu. Akapandisha macho mpaka usoni.

"Njiti."



"Dada," nikasema, "kwanza nipongezwe kwa kumaliza mbio."

"Njiti!"

Basi nikafunguka. Nikasema habari ya Tingatinga na kabati. Nikasema habari ya birika na mvuke. Nikasema habari ya chekeche. Nikasema kwamba peptidi zote, kuanzia kijiko cha kwanza, zimo ndani ya mwili huu mnaouona, na kwamba Dada hajawahi kuonja hata moja.

Kocha alinitazama juu mpaka chini. Safari haikuwa ndefu.

"Ngoja nielewe," akasema. "Wewe umekunywa dawa za nguvu?"

"Ndiyo, Kocha."

"Ukashika mkia?"

"Ndiyo, Kocha."

"Daktari, huyu mumfungie kwa kuzitia dawa aibu."

Lakini nikaona mabega yake yameshuka kwa ahueni. Dada naye akashusha pumzi. Kisha akashtuka kama mtu aliyekumbuka jiko linawaka.

"Kama wewe ulikuwa unakunywa yangu, mimi nilikuwa nakunywa nini?"

"Kitu cha asili kabisa, Dada."

"Nini?"

"Chakula cha vifaranga."

Kocha akageukia ukuta, mgongo ukaanza kutikisika. Dada akafunga mdomo kwa kiganja. Sikujua kama anataka kutapika au kunipiga, na nadhani naye alikuwa bado anachagua.

"Kwa hiyo yuko salama!" nikasema upesi. "Ameshinda kwa mahindi na dagaa! Tena mkimwangalia, amenawiri!"

Daktari yeye hakucheka. Alikuwa anazungusha kile kinyoya.

"Chakula hicho cha vifaranga," akasema, "kina dawa au hakina?"

"Dawa gani?"

"Vingine vinachanganywa na dawa hukohuko vinakotengenezwa, vifaranga wasife na magonjwa. Dawa nyingine hazina neno. Nyingine kwa mwanariadha ni balaa. Mpigieni mwenye kuku."

Dada akapiga, akaweka sauti ya nje. Simu ikapokelewa na vifaranga, kisha Mama Mdogo.

"Ameshinda?"

"Nimeshinda, Mama Mdogo. Sikiliza, ile mifuko ya stoo. Chakula cha vifaranga. Kina dawa?"

"Mweupe au wa bluu?"

Dada akameza mate.

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa! Mweupe ni chakula tu. Wa bluu una dawa. Sijui kulisoma jina lake, lakini ndiyo maana mwaka huu sijazika hata kifaranga mmoja. Kwani kuna nini huko?"

Watu watatu wakanigeukia.

"Njiti," Dada akasema kwa sauti ndogo, ile ya mwaka jana, ya kwenye mstari. "Mdogo wangu. Ulikuwa unachota mfuko gani?"

Wangeniuliza jambo lingine lolote, ningedanganya. Nina kipaji, walimu wangu wote ni mashahidi. Lakini Dada alikuwa ameshika medali kwa vidole viwili.

"Yote miwili," nikasema. "Nilitaka uwe na lishe kamili. Nilikuwa nachanganya nusu kwa nusu."

Kocha akaacha kucheka.

Daktari akachukua vikombe viwili, kimoja akanipa mimi, kingine akakifungua kifuniko, akamkabidhi Dada. Dada akasimama. Akaivua medali yake. Nikadhani atanirushia, nikajikinga uso. Akanivika shingoni.

"Kaa nayo," akasema. "Mpaka tujue ni yangu au ya kuku."

Akaingia chooni, akafunga mlango.

Nimetamani medali tangu nikiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba zina uzito hivyo.

Benchini simu ilikuwa bado inaongea.

"Halo? Halo! Mbona mmenyamaza? Na nani anachota chakula cha vifaranga wangu?"

Kocha akanisogezea simu kwa ncha ya kidole.

"Mama Mdogo," nikasema, "usitege tena mtego. Panya ni mimi."